Bawabu wa Vidole na Mausi

Bi Mausi alikuwa na majivuno, na mtu asikudanganye, majivuno yale yalikuwa na haki yake. Ile programu ya kuchorea ramani za majengo, unayoifungua mtandaoni na kuanza kazi bila kusakinisha chochote, sehemu yake ngumu kuliko zote ilitoka kichwani mwake. Jina lenyewe alipewa na wenzake ofisini. Droo yake ilijaa mausi za kila aina, za waya na zisizo na waya, na kutwa nzima alikuwa akizisukuma moja baada ya nyingine ili aone kishale kinatembeaje kwenye skrini. Wengine walishughulikia rangi, wengine kurasa za kuingilia. Yeye alitengeneza Bawabu.

Bawabu hakuwa mtu. Ilikuwa mistari michache ya programu iliyokaa mlangoni, na kila mara mchoraji alipofungua ukurasa, iliiuliza kompyuta yake maswali mawili: wewe unaendeshwa na mfumo gani, na skrini yako inaguswa au haiguswi? Majibu yakitoka, Bawabu anaamua. Huyu ni wa mausi, apewe vitufe vidogo na kalamu zote. Huyu ni wa kidole, apewe vitufe vikubwa kama sahani, na kalamu nyembamba kuliko zote, waliyoiita kalamu ya unywele, ifichwe, maana kidole ni kinene na kitaziba hata mstari kinaouchora. Tena mistari yake ivutwe kwenye kona ya karibu, isije ikayumba. Bawabu akishaamua, ameamua. Habadilishi mpaka ufunge ukurasa na kuufungua upya.

"Bawabu wangu hajawahi kukosea," Bi Mausi alizoea kusema, mikono ameikunja kifuani. Na ni kweli, ofisini kwao hakuna aliyewahi kumwona akikosea.

Sasa njoo kwa mdogo wake. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na kazini walimwita Mstari, kwa kuwa mstari wake ulinyooka hata akiwa na homa. Alikuwa mcheshi, mbishi, na mwenye maringo kiasi kuhusu ngazi alizozichora. Kisha ikaja ajali ya gari. Alitoka akiwa hai na mwenye akili zake timamu, lakini mishipa ya fahamu ya mikono yote miwili iliharibika. Aliweza kubeba mfuko, kusukuma mlango na kukumbatia watu. Kushika kalamu au kutuliza mausi, hapana.

Ofisi yake ilimfanyia wema. Ilimwambia arudi akae kwenye meza ya pale mlangoni, apokee wageni. Siku aliyoambiwa hivyo alirudi nyumbani, akaketi sebuleni bila kuvua viatu.

"Wananihurumia," alimwambia mama yao.

Mama yao alikuwa amefundisha watoto kuogelea maisha yake yote. Sauti yake ilizoea kupigana na mwangwi wa bwawa, na hata akiwa kwenye kochi alizungumza nawe kana kwamba uko ng'ambo ya maji. "Huruma haijengi nyumba!" alisema. "Wewe unataka nini?"

"Nataka meza yangu ya kuchorea."

"Basi sema hivyo!"

Kusema ni rahisi. Kuipata meza ile kulikuwa na njia moja tu, nayo ni mtihani. Ofisi ya wachoraji ilikuwa na desturi yake, na haikumpindishia mtu: anayeomba meza anakaa kwenye kompyuta yoyote iliyo wazi siku hiyo, anapewa jengo la kuchora, analichora mbele ya wenzake kwa programu ileile ya kina Bi Mausi. Huendi na kompyuta yako. Na kompyuta zenyewe zilikuwa mchanganyiko, zimenunuliwa kwa nyakati tofauti na watu wenye mapenzi tofauti, kila moja na mfumo wake. Kitu pekee ulichoruhusiwa kwenda nacho ni chombo cha kuelekezea. Wenye mkono wa kushoto walikwenda na mausi zao. Mstari angekwenda na mpira wake.

Mpira huo ulikuwa mkubwa kama chungwa, umekaa ndani ya kikombe kipana. Unauweka sakafuni, unavua kiatu, unauviringisha kwa wayo, na kishale kinatembea kwenye skrini. Kidole gumba cha mguu kinabonyeza kitufe cha pembeni. Kwa kompyuta, mpira ule ni mausi tu kama mausi nyingine. Kompyuta haijui mguu wala mkono.

Mstari alianza mazoezi sebuleni, tableti ya mama ikiwa imesimamishwa kwenye meza ya kulia chakula na mpira umeunganishwa kwa waya mrefu. Alifanya asubuhi, alifanya jioni. Na mistari ikamtia aibu. Alipotaka mstari usimame hapa, uliruka ukaenda kuganda kwenye kona ya kule. Alipotaka kuchora ukingo wa dirisha, ulitoka mnene kama ukuta. Kalamu ya unywele hakuiona, akadhani kwenye tableti haikuwekwa, akanyamaza.

Kilichomuumiza zaidi ni makofi. Jirani alipita, akaona kibanda kilichopinda, akapiga makofi. Binamu alisema ni maajabu. Tangu ajali, kila alichokifanya kilikuwa maajabu, hata kujifunga kamba za viatu. Mstari alitabasamu kwa meno tu, na wageni walipoondoka alifuta mchoro wote.

"Dada, mistari inaniruka," alimwambia Bi Mausi siku moja.

"Mguu bado unajifunza, mdogo wangu. Taratibu."

"Nahisi kama programu ndiyo inaivuta."

"Programu ile naijua kama kiganja changu." Kisha akaongeza, kwa ule ukubwa wa dada wa kwanza: "Mchagua jembe si mkulima."

Mstari aligeukia skrini. Aliurudisha mguu kwenye mpira, akaendelea. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na laiti Bi Mausi angegeuka siku ile akajitazama, angepunguza machozi ya watu. Lakini hakugeuka. Alikunywa chai yake akaenda zake.

Alasiri moja baadaye alipita tena kuwasalimu. "Shikamoo, Mama," alisema, na kabla hajaketi Mstari akamwita.

"Dada, hebu niangalizie huu waya. Mama kaupiga na ufagio, sasa kishale kimekufa."

"Waya wenyewe umejitandaza kama nyoka!" Mama alijitetea kutoka jikoni.

Bi Mausi aliinama, akauchomeka waya vizuri. Ili ahakikishe kwamba umekamata, aliuinua mpira akauweka mezani, akauviringisha kwa mkono. Kishale kilitii. Basi, kwa mazoea tu ya kazi, akabonyeza, akachora mstari.

Mstari uliruka.

Akaufuta, akachora mwingine polepole. Huo nao ukaruka, ukaganda kwenye kona. Akatafuta kalamu ya unywele ili achore wa tatu. Haikuwepo. Ndipo alipovitazama vitufe kwa mara ya kwanza, akaviona vimemkodolea macho, vikubwa kama sahani. Mkono uliokuwa juu ya mpira ulikuwa mkono wake mwenyewe, mzima, uliosukuma mausi miaka na miaka, na bado mstari ulikuwa umetoka kama wa mtoto.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona sura ya binti yake, akasimama palepale.

"Si mguu," Bi Mausi alisema.

"Unasemaje?"

"Si mguu wako. Ni Bawabu wangu. Ameona tableti, akasema huyu ni mtu wa kidole, akakufichia kalamu na kukuvutia mistari. Mpira hata hakuuangalia. Ni mimi, mdogo wangu. Muda wote huu ni mimi."

Mstari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliutazama mguu wake uliokuwa peku juu ya zulia, akaukunja na kuukunjua. "Nimeutukana sana huu mguu," alisema taratibu. "Nimeuita gogo."

Bi Mausi alihisi uso unawaka. Alikuwa mtu wa kurekebisha mambo haraka, na haraka ndiyo iliyomjia mdomoni. "Leo hii nalimaliza jambo hili. Naandika mstari mmoja tu. Bawabu akiona akaunti yako, akupitishe kama mtu wa mausi, hata uwe kwenye kompyuta gani. Hakuna atakayejua."

"Akaunti yangu tu?"

"Yako tu."

"Yaani nitengenezewe mahali pangu peke yangu."

"Ndiyo."

"Dada, mahali pangu peke yangu nimekwishapewa. Pale mlangoni, pa kupokea wageni. Sipataki." Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu ajali Bi Mausi alimwona yule mbishi wa zamani. "Kama mimi sikuiona kalamu, yupo mwingine mahali naye haioni, naye anautukana mkono wake. Tengeneza ya watu wote. Mimi nitaingia humo na watu wote."

"Na mtihani wako? Ukifika kabla sijamaliza?"

"Utamaliza. Si unajivuna?"

"Umemsikia mwenzio!" Mama alisema, na mwiko ukaelekezwa kwa Bi Mausi.

Kesho yake Bi Mausi aliuazima mpira akaenda nao ofisini. Alivua kiatu chini ya meza, akauchomeka kwenye kompyuta ya kwanza. Mistari ilinyooka, kalamu ya unywele ilikuwepo. Akaenda kwenye ya pili, yenye mfumo mwingine. Safi. Akazunguka ofisi nzima, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na kila mahali Bawabu alijibu sawasawa. Hapo akachanganyikiwa. Kama Bawabu ni mzima hapa, kule sebuleni aliugua nini?

Alikuwa bado amesimama na kiatu chake mkononi wakati mkuu wao alipopita akifuta skrini. Mle ofisini wote waliitwa kwa majina ya utani, lakini la mkuu huyo ndilo lililomkaa mwenyewe vizuri kuliko yote: Kitambaa. Alitembea na kitambaa laini mfukoni, na alama ya kidole kwenye skrini ilimchoma kuliko hasara. Mtu aliyenyoosha kidole kumwonyesha mwenzake kitu alipigwa kitambaa cha vidole papo hapo. Mgeni akifika alionywa mlangoni. Ofisi ile ilikuwa na skrini zinazong'aa hadi unaona meno yako.

"Bosi," Bi Mausi alisema, "hizi skrini zetu, si huwa zinaguswa?"

"Thubutu!"

"Sizigusi. Nauliza tu. Zimetengenezwa kuguswa?"

"Karibu zote. Ndiyo maana nilizizima huo uwezo wa kugusa siku ileile zilipofika, kwenye mipangilio, moja baada ya nyingine. Hata ukijisahau ukagusa, isikujibu. Utajifunza."

Bi Mausi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho hakikuwa chake.

Fikiria basi. Wote mle ndani walikuwa watu wa kutengeneza programu ya mausi na vidole, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuijaribu kwa kidole kwenye kompyuta zile, kwa kuwa bosi hapendi uchafu. Kila skrini iliyoulizwa na Bawabu "unaguswa?" ilijibu hapana, kwa amri ya Kitambaa. Bawabu hakuwa hodari. Alikuwa hajawahi kukutana na swali gumu.

Aliwasha uwezo wa kugusa kwenye kompyuta ya kwanza, akafungua programu upya, mpira ukiwa chini ya wayo. Vitufe vikavimba, kalamu ya unywele ikatoweka. Akaenda kwenye ya pili, ya mfumo mwingine, akawasha vilevile. Hiyo Bawabu aliiita ya mausi, na alipojaribu kidole, vitufe vidogo havikukamatika. Ya tatu ilikuwa tableti ya ofisi, nayo ilimjia Bawabu ikijitambulisha kama kompyuta kubwa ya mezani, bila haya. Mpira ni uleule, mguu ni uleule, na kila mfumo una jibu lake.

Aliwaita wenzake, akawaeleza bila kuficha. Kitambaa alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa kimening'inia mkononi.

"Kwa hiyo kosa ni usafi wangu," alisema.

"Usafi wako nusu, majivuno yangu nusu."

Kitambaa alizitazama skrini zake, moja moja. Ilionekana wazi kwamba jambo lile linampita kooni kwa shida. Mwishowe alikikunja kitambaa, akakitia mfukoni. "Washeni zote," alisema. "Na mguse." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, asione.

Kazi iliyofuata Bi Mausi aliifanya kama mtu anayelipa kisasi dhidi ya nafsi yake. Kwanza alimfukuza Bawabu kazi. Maswali yote ya mlangoni aliyafuta, maana aliona sasa kwamba kuiuliza kompyuta wewe ni nani ni sawa na kumuuliza mgeni ametoka kwa nani ili ujue kama ana njaa. Mwache akae, utaona. Kila mguso na kila msogeo unaofika kwenye ukurasa huja na taarifa yake yenyewe: mimi ni kidole, mimi ni mausi, mimi ni kalamu. Programu isikilize hiyo taarifa, hapohapo, na ibadilike hapohapo. Mtu akitumia mguu sasa, kidole baadaye, ifuatane naye bila kununa.

Ingekuwa rahisi, kama kila mfumo ungesema kweli. Mmoja ulikuwa na tabia ya kutuma kidole halafu, nyuma yake, kutuma mausi ya uongo mahali palepale, kwa ajili ya kurasa za zamani zisizojua vidole. Vitufe vikavimba na kukonda, vikavimba na kukonda, mpaka kijana wa rangi akasema vinapumua. Bi Mausi alifundisha programu kuipuuza mausi yoyote inayotokea palipoguswa, mara tu baada ya kidole. Mfumo mwingine uliita kalamu mausi. Huo aliusamehe, kwa sababu kalamu ni nyembamba na haimdhuru mtu.

Lakini uamuzi mkubwa haukuwa wa mifumo. Alisimama mbele ya wenzake akasema: "Vitufe vinenepe, vikonde, vifanye vinavyotaka. Kalamu haifichwi tena kwa mtu yeyote. Kidole kinene kikitaka kalamu ya unywele, ni shauri lake. Na mstari hauvutwi isipokuwa wakati kidole chenyewe kiko juu ya skrini."

"Na mtu wa kidole akichora vibaya?" mmoja aliuliza.

"Achore vibaya kwa hiari yake. Sisi tumewachorea watu vibaya bila hiari yao."

Walijaribu kila kitu kwenye kila mashine: mpira, kidole, kalamu, mausi, kisha viwili kwa pamoja. Skrini zikawa chafu kama madirisha ya jikoni. Asubuhi moja Kitambaa alitoka chumbani kwake, akasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote, akafumba macho, akaigusa kwa vidole vyote. Vitufe vikakua. Akasogeza mausi, vikapungua. "Ni sawa," alisema kwa sauti ndogo, na wote wakampigia makofi.

Siku programu mpya ilipotoka, Bi Mausi alijivuna. Nisimfichie, alijivuna sana, alitembea na kifua mbele hadi kituoni. Tofauti ni kwamba safari hii majivuno yalimtia woga kidogo, kwa hiyo alirudi akajaribu tena. Na sebuleni, kwenye tableti ya mama, Mstari alichora ukingo wa dirisha kwa kalamu ya unywele. Ulitoka mwembamba, umenyooka, na ulisimama pale alipouambia usimame. Alichora mwingine, na mwingine, mpaka mama akamfuata na sahani ya chakula akamlisha pale pale.

Siku ya mtihani Bi Mausi na mama yake walikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha wachoraji. Ukuta wa chumba ulikuwa wa kioo, aliyekaa nje aliona kila kitu na kusikia nusu. Kompyuta iliyokuwa wazi siku hiyo ilikuwa ile ambayo kila mtu huikimbia, yenye skrini pana ya kuguswa na mfumo wa peke yake. Mstari aliweka mpira sakafuni, akavua kiatu na soksi. Chumba kizima kilimtazama mguu, kisha kwa adabu kikajifanya hakikutazama.

Alipewa zahanati ndogo ya ghorofa, yenye ngazi. Akaanza. Bi Mausi hakuweza kuona mistari kutoka pale, aliona tu kishale kikitembea, kikisimama, kikitembea, na mgongo wa mdogo wake ukiwa umetulia. Kuna wakati Mstari aliinama kusogeza karatasi ya maelekezo, na kiwiko kikagusa skrini. Vitufe vikavimba mara moja. Kisha wayo ukaviringisha mpira, vitufe vikasinyaa, na mstari ukaendelea pale ulipoachwa, mwembamba uleule. Mstari hata hakuinua nyusi.

"Mbona unanibana mkono?" Mama aliuliza.

"Samahani, Mama."

Muda ulipokwisha mchoro ulichapishwa, na mkuu wa wachoraji akaja kuuchukua. Huyu walimwita Wino, mtu mfupi mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio, aliyesifika kwa kutomsifu mtu. Aliitandaza karatasi mezani. Akaichomoa kalamu. Akapiga mstari mwekundu, halafu duara, halafu duara lingine. Midomo yake ilikwenda mbio. Wachoraji wengine waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Wino alitia nyekundu mpaka karatasi ikaonekana ina surua, akaisukuma kwa Mstari, akaondoka.

"Anachafua karatasi ya mwanangu kwa nini?" Mama alisimama.

"Kaa, Mama." Bi Mausi alimvuta chini. Aliwaza kosa liko wapi, kwenye mfumo gani, kitu gani hakukijaribu.

Mstari alitoka na kiatu kimoja, karatasi ikiwa kwapani. Macho yalikuwa mekundu. Bi Mausi alimwendea.

"Vipi?"

"Kasema ngazi hizi nimemchorea twiga."

"Nini?"

"Kipandio cha juu. Nimekosea kimo. Kasema mlango wa choo ukifunguka utamvunja mgonjwa magoti. Kasema alidhani nilipata ajali ya mikono, kumbe ni ya kichwa." Sauti ilimkatika, na Bi Mausi akajua kwamba kinachomkatiza si uchungu. "Kasema nirekebishe, kesho asubuhi iwe mezani kwake. Kasema meza yangu ni ile ya dirishani na nisimletee uvivu. Dada, kanikosoa! Mbele ya watu wote! Tangu ajali hakuna mtu aliyenikosoa!"

Akacheka, na machozi yakamtoka palepale. Bi Mausi alimkumbatia, karatasi ikakunjamana katikati yao. Kisha, kwa kuwa binadamu ni binadamu, hakuweza kujizuia.

"Na programu je?"

"Programu gani?" Mstari alimtazama bila kuelewa, halafu akaelewa. "Loo. Dada, nisamehe. Sikuikumbuka kabisa."

Bi Mausi alikuwa amesifiwa mara nyingi katika maisha yake ya kazi, mikutanoni na kwenye barua za wateja. Hakuna sifa iliyowahi kumwingia kama ile. Alitaka kumwambia mtu, akaona hakuna atakayeielewa isipokuwa Kitambaa, ajuaye kwamba kioo kikiwa safi hukioni.

Mama yao, aliyekuwa akifuatilia kwa kuchelewa kidogo, aliichukua karatasi, akainyoosha, akayahesabu madoa mekundu kwa kidole. Kisha akageuka kuelekea ukumbini, akaiinua juu kwa mikono miwili.

"Jamani!" alipaza, na milango ikafunguka hadi mwisho wa jengo. "Njooni muone! Mwanangu kakosolewa! Ngazi zake mbovu! Mlango wa choo mbovu!"

"Mama, punguza sauti," Mstari alimsihi, akijifuta macho kwa bega.

Mama akaongeza.